Nimesomea uashi wa mawe na chokaa, lakini mbele ya mjomba sina sauti

SWALI

Assalam aleikum mshauri,

Nina miaka 24, sijaoa, na naishi Lamu katika nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani pamoja na bibi mzaa mama, mama yangu na mdogo wangu wa kike. Huyu mdogo wangu ndiye anayeiandika barua hii, mimi namsimulia. Jina langu lisitoke tafadhali, maana hapa kwetu watu hujuana hata kwa kikohozi.

Shule niliiachia kidato cha pili. Watu nawaambia ilikuwa karo, lakini kilichonitoa ni aibu. Nikiitwa kusoma mbele ya darasa herufi zilikuwa zinanichanganyikia, wenzangu wanacheka, na mwalimu mmoja akaniambia mimi ni wa kubeba mizigo tu. Basi nikabeba mizigo. Nilikuwa napakua mawe kwenye majahazi yanayotoka Manda, nayapandisha juu ya punda, nayafikisha kwenye mijengo. Mtu akiniuliza neno najibu huku natazama chini. Barazani nilikuwa sikai. Vijana wakianza mazungumzo, mimi nakumbuka nina safari.

Mwaka juzi yakaja mafunzo ya uashi wa kale, wa kukarabati nyumba za mji kwa mawe na chokaa. Mama ndiye aliyenisukuma. Aliniambia, "Mawe umeyabeba ya kutosha, sasa yajue."

Mwalimu wetu alikuwa fundi mzee asiye na habari na kalamu. Alitugawia kamba, timazi ya kupimia unyoofu wa ukuta, na mwiko. Tulianza na chokaa yenyewe: namna mawe yanavyopangwa na magogo kwenye tanuu, yanavyochomwa, kisha yanavyozimwa kwa maji na chokaa kuachwa ilale. Ukuta wangu wa kwanza aliuwekea timazi, akautazama, akaubomoa bila kusema kitu. Wa pili pia akaubomoa. Siku alipouacha umesimama, mshauri, usingizi haukunijia kwa furaha. Baadaye akanionyesha kukata nakshi za plasta kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, na hapo nikajua mkono wangu una utulivu. Hesabu ya kugawanya, iliyonishinda darasani, nikaifanya kwa kamba iliyokunjwa, ukuta mzima ukagawika sawasawa. Wageni walipokuja kutazama kazi, mwalimu akanisukuma mbele niwaeleze. Nikaeleza, na sauti ikatoka. Mama anasema tangu siku zile hata salamu zangu zimebadilika.

Sasa shida yangu. Mjomba wangu ni fundi wa simiti na matofali wa miaka mingi, anaheshimika mjini. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyetulisha. Chumba cha ndani cha nyumba yetu kimeharibika. Plasta inamwagika, ukuta unatoka unga mweupe wa chumvi, na zidaka za upande mmoja zimepasuka. Mjomba ameamua zidaka zing'olewe zote, ukuta upigwe simiti, chini vigae, kisha vyumba vya chini vipangishwe kwa wageni. Pesa zisaidie matibabu ya bibi, na kweli tunazihitaji. Mifuko ya simiti tayari ameileta, na anataka kazi iishe kabla ya masika.

Nilijaribu kusema mara moja, tukiwa tunakula. "Mjomba, ukuta huu wataka chokaa." Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mwanangu, nyumba si ya kutezea. Mimi nimejenga wewe hujazaliwa." Wote wakacheka, hata mama. Pale pale nikajiona niko kidato cha pili. Tangu siku hiyo nikitaka kusema ulimi unakunjika. Na sasa amenipangia niwe mtu wake wa mkono, nizibomoe zile zidaka mimi mwenyewe, kwa vile "nyundo unaijua".

Rafiki niliyesoma naye aniambia niende ofisi ya uhifadhi nikashtaki, kazi isimamishwe. Mwengine asema nihamie Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani, kuna wageni wanaokarabati majumba na wanalipa vizuri, niachane na mambo ya nyumbani.

Je, nimzuie mjomba hata kama tutakosana? Au ninyamaze nishike nyundo? Na huku kujiamini nilikokupata, kama kicheko kimoja kinaweza kukuondoa, kulikuwa kwangu au nilikuwa nimevaa nguo ya kuazima?

Kijana wa Mkomani

JIBU

Wa aleikum salaam mwanangu,

Nimeisoma barua yako, nikamshukuru na mdogo wako kwa mwandiko. Umeuliza mambo mawili ukayafunga fundo moja: zidaka za nyumba yenu, na ile sauti uliyoipata ukaiona imepotea. Naona ni vyema tuyafungue, kwa sababu unaweza kuziokoa zidaka ukabaki bila sauti, na unaweza kuikosa kazi hii ya nyumba na sauti yako isipungue.

Nianze na sauti, maana ndiyo iliyokuumiza zaidi. Unasema kicheko kimoja kilikurudisha darasani. Lakini wewe mwenyewe umeniambia kwamba fundi mzee aliubomoa ukuta wako mara mbili, mbele ya wenzako, bila hata neno la kukufariji, na ukarudi kuchukua mwiko. Hebu jiulize kwa nini lile halikukuvunja na hili limekuvunja. Nakisia ni kwa sababu kule timazi lilikuwa linaonekana. Ukuta ulikuwa umepinda, kila mtu aliona, na ulijua la kufanya ili unyooke. Nyumbani hakuna timazi. Kuna mkubwa aliyekulisha, kuna sahani katikati, kuna mama anayecheka ili chakula kishuke kwa amani. Kukosa la kusema mahali kama hapo huwapata hata watu waliozaliwa wanasema. Sina hakika ni ile hofu ya zamani iliyorudi. Huenda sehemu yake ni heshima, na heshima si kitu cha kukitibu.

Na hili la herufi kukuchanganyikia, nisilipite. Wapo watu wengi wenye akili timamu ambao herufi huwachezea namna hiyo. Ni jinsi ubongo unavyozishughulikia herufi na sauti zake, wala halihusiani na ujinga. Yule mwalimu hakulijua, au hakujali. Wewe uligawanya ukuta kwa kamba bila kuandika tarakimu moja. Sijui wangapi kati ya waliokucheka wangeweza.

Sasa ukuta. Kwa hili sitajifanya sina upande: uliyofundishwa ni sahihi. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani, pamoja na chumvi. Ukizifunika kwa simiti, unyevu unakosa pa kutokea. Unajikusanya nyuma ya plasta, chumvi inaganda humo humo na kulila jiwe, na baada ya muda plasta inabanduka kwa vipande vikubwa. Vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani navyo huoza kimya kimya. Mjomba wako akipiga simiti, chumba kitapendeza msimu wa kwanza na labda wa pili, na hapo ndipo ugumu wako ulipo: mwanzoni kitamthibitisha yeye.

Lakini hebu nikuulize kama ambavyo mwalimu wako angekuuliza. Unyevu ule unatoka wapi? Umesema ukuta unatoka chumvi, hukusema sababu. Je, unapanda kutoka chini? Dari linavuja? Kuna choo cha jirani nyuma yake, au mfereji ulioziba kichochoroni? Chokaa haizuii uvujaji. Ukishinda mabishano, ukapaka chokaa safi juu ya bomba linalovuja, ukuta utamwagika tena na safari hii watakucheka kwa haki. Na je, umewahi kusimamia chumba kizima peke yako, kuanzia kukwangua hadi tabaka la mwisho, bila fundi mzee nyuma yako? Sikuulizi ili nikupunguze. Anayejua pale ujuzi wake unapoishia huwa na maneno machache na yenye uzito zaidi mbele ya fundi mwenzake.

Kisha mjomba. Nimeisoma sentensi yake mara nyingi: "Mimi nimejenga wewe hujazaliwa." Wewe umesikia dharau. Mimi nasikia pia mtu aliyejenga mji huu kwa simiti maisha yake yote, na sasa kijana aliyemlea anarudi kutoka mafunzoni akimwambia, mbele ya familia, kwamba ukuta wataka kitu kingine. Neno lako lilikuwa fupi na la kweli, lakini lilimfikia akiwa na wali mkononi na watu wanamtazama. Akacheka kujiokoa. Nami naweza kuwa nimekosea, simjui. Ila kumbuka amekuita ufanye naye kazi, na sababu aliyotoa ni kwamba nyundo unaijua. Kwa wanaume wa makamo wa pwani, wakati mwengine hiyo ndiyo sifa yote utakayoipata.

Kuna mtu mmoja katika barua yako aliyetajwa kwa ugonjwa wake tu. Bibi. Nyumba ni ya nani, mwanangu? Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa nyumba ya mawe kupewa binti anapoolewa, akaishi humo yeye, kisha binti zake. Wewe waishi na bibi mzaa mama. Ikiwa nyumba ilimjia kwa njia hiyo, basi wewe na mjomba wako mnabishania ukuta wa mwanamke aliyekaa chumba cha pili, na sioni mahali ambapo mmoja wenu amemuuliza. Pengine alikuwa akipanga vyombo vyake vya harusi kwenye zidaka zile. Pengine pia amechoka na vumbi lake na anataka vigae vya kupigwa deki. Usimpangie jibu. Ukienda kwake ukiwa tayari umeamua kuwa ni mwenzako katika vita, utamfanya silaha, na mjomba ni mwanawe. Nenda umuulize chumba kilikuwaje na anakitakaje, umsikilize. Hatari yake ni kwamba anaweza kusema simiti.

Njia nyengine ni kumpa mjomba ukuta badala ya maneno. Muombe pembe moja, upande ulioharibika zaidi, uifanye kwa chokaa wewe mwenyewe huku yeye akiendelea na choo au jikoni. Hapo timazi litarudi. Ila chokaa hushika polepole, kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, inataka matabaka membamba, kunyunyiziwa maji, kivuli, na subira kati ya tabaka na tabaka. Masika ikikukuta katikati, kazi yako ndiyo itakayoonekana mbovu. Mchanga nao uwe umeoshwa; wa ufuoni una chumvi yake, na utakuwa umerudisha adui kwa mlango wa nyuma. Mimi ningekwenda kwake na hesabu: chokaa kiasi gani, inatoka wapi, siku ngapi, gharama ngapi, na simiti aliyokwisha kununua itatumika wapi ili pesa yake isipotee. Neno "urithi" ningeliacha nyumbani. Matibabu ya bibi ni hoja nzito kuliko urithi, na ukijibu hoja ile atakusikiliza. Huenda ukamwambia pia kwamba mgeni anayekuja Lamu kulala nyumba ya mawe anakuja kwa ajili ya zidaka, kwani chumba cha vigae na rangi ya mafuta amekiacha kwao. Sina hakika mjomba atalikubali hilo, lakini ni lugha ya kodi na kodi ndiyo anayoitafuta.

Waweza pia kuanza kwa swali, na hapa nina wasiwasi wa kweli unaozidi mambo ya plasta. Zidaka zimo katika unene wa ukuta, na juu ya ukuta ule kuna boriti na sakafu nzito ya mawe na chokaa. Kuzing'oa zote kwa nyundo kunaweza kuutikisa ukuta unaobeba. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Unguja lililojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati ukarabati ukiendelea. Kwa hiyo kabla ya nyundo ya kwanza, muulize mjomba: boriti za juu zimeshika wapi, na tutazitegemeza kwa nini tukizing'oa hizi? Hilo ni swali la fundi kwa fundi. Hakuna mkubwa atakayeliita utovu wa adabu, na hata mkikubaliana simiti, litawalinda nyote wawili. Asipokuwa na jibu, usiingie chini ya ukuta huo. Kukataa kuingia mahali pa hatari hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Mwalimu wako mzee naye yupo. Mzee akija kumsalimu mzee mwenzake, akatazama ukuta kama mgeni, linaweza kusemwa ambalo wewe huliwezi. Ubaya wake ni kwamba likifanikiwa, utaona aliyeongea ni yeye, na swali lako la sauti litabaki palepale. Lipime.

Kuhusu ofisi ya uhifadhi, rafiki yako hakukosea kisheria. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, na mabadiliko ya nyumba ndani ya eneo la hifadhi yanatakiwa yapitie ofisi hiyo. Lakini kuna kwenda kushtaki na kuna kwenda kuuliza. Waweza kwenda pamoja na mjomba, au kumwambia kwamba idhini itahitajika na afadhali waje kuona sasa kuliko wasimamishe kazi nusu. Ukienda kwa siri na kazi ikafungwa, Lamu ni ile uliyoieleza wewe, ya kikohozi. Atajua kabla ya magharibi. Zidaka zitabaki, na meza mliyokuwa mkilia chakula pamoja huenda isibaki. Sisemi usiende. Nasema ujue bei yake, na usiilipe kwa sababu ya kicheko.

Shela nayo ni kazi ya halali, na nyumba zinazokarabatiwa huko zitakupa mikono ya kuzoea na pesa ambazo zinaweza kumtibu bibi bila kuvunja chochote. Nikuombe tu uangalie kinachokupeleka. Ukienda kwa sababu kuna kazi, nenda na baraka. Ukienda kwa namna ile uliyokuwa "ukikumbuka una safari" barazani, hilo ni jambo jengine, na wewe ndiye utakayelijua. Popote utakapokuwa, fuatilia jaribio la ufundi wa uashi la NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Hupewa hata waliojifunzia kazini, huanzia daraja la tatu kwenda la kwanza, na sehemu kubwa yake ni mikono. Cheti hakitamnyamazisha mjomba, pengine anacho chake, lakini mtakuwa mnazungumza mkiwa na karatasi ya aina moja.

Na ukiishia kushika nyundo? Yaweza kutokea, na sitakuona msaliti. Zipime kwanza zidaka zote kwa kamba yako, upana, kimo na kina. Zipige picha kwa simu, mdogo wako aziandike. Nakshi zinazotoka nzima zihifadhi. Kilichopimwa vizuri hujengeka tena, na mikono ya kukijenga unayo.

Uliniuliza kama kujiamini kwako kulikuwa kwa kuazima. Ulikuanzia kwa mwalimu, kwa wageni waliokusikiliza, kwa mama aliyekusukuma. Sote huanzia kwa watu. Nikuulize mimi: barua hii yote, na maelezo ya chokaa na tanuu, ulimsimulia mdogo wako ukitazama chini? Kama la, basi nyumbani tayari yupo mtu mmoja aliyekusikia hadi mwisho. Mwambie akufuate utakapokwenda kwa bibi, maana huenda bibi ndiye mwenye nyumba leo na mdogo wako akawa mwenye nyumba siku moja, na jibu lao linaweza kukuonyesha kama kuna haja ya kubishana na mjomba juu ya simiti au mnayo mazungumzo mengine kabisa ya kufanya.

Ukichanganya chokaa kufanya ile pembe ya majaribio, yakinge macho yako. Niandikie ilivyokwenda.